Miguu Nyeupe ya Kaporali

Wiki iliyopita mujukuu yangu wa Keshero aliniletea soseti ya mutoto wake, ile nyeupe ya komunyo ya kwanza. Mutoto alizivaa kidogo tu ndani ya parsele ya nyumba, kuzijaribu, na vumbi nyeusi yetu ya Goma ikamupanda mupaka kwenye kifundo. Mujukuu alikuwa amezifua mara mbili na sabuni ya unga, ile ya sashe yenye kunuka maua, na soseti ikabakia rangi ya chai yenye maziwa kidogo. Akaniambia na ile sauti yake ya mutu wa ofisi: hii imekufa, koko, bibi yangu, tununue zingine. Nikamwambia alete besani, anitafutie bulu ya kale, ile rangi ya kung'arisha nguo nyeupe, ya kufunga ndani ya kitambaa, kisha atoke mbele yangu. Bulu ikapatikana kwa mama moja kule soko. Nilipoifungua nikasikia ile harufu yake ya jiwe yenye kulowa, na kabla hata sijatia maji nikaona mbele yangu miguu ine ya farasi.

Ndiyo, farasi. Wenzangu wa umri yangu munajua, musijifanye. Batoto wa leo wanafikiri farasi inakaa ndani ya televizyo.

Siye tulikaa ndani ya kambi ya plantation ya kahawa, njia ya kupanda Kiwanja, mwendo wa masaa mbili ya miguu kutoka Goma. Papa alitoka kwa Banande, upande wa Butembo, akakuja kuchuma kahawa kama wengine. Siku moja farasi wa Madame alikata kamba akaingia mbio ndani ya kambi. Banaume wote wakapanda, huyu juu ya muti, huyu juu ya paa. Papa peke yake akabakia chini, sababu alikuwa anakula na hakutaka kuacha bugali yake. Farasi akafika, akasimama, akanusa sahani. Papa akamumegea kipande. Tangu siku ile hakuchuma kahawa tena, akawa mutu wa farasi. Batu wa kambi walisema ni dawa ya kwao. Papa, na ile sauti yake ya polepole sawa mutu anayebeba maji na hataki imwagike, alisema ni njaa tu, yake na ya farasi.

Farasi aliitwa Kaporali. Mwili wake wote ilikuwa rangi ya kahawa yenye kukaangwa vizuri, lakini miguu yote ine, kutoka kwenye kwato mupaka chini ya goti, ilikuwa nyeupe. Sasa musikie akili ya mutoto. Miye nilikuwa sijapoteza hata jino moja la mbele, na kila asubui nilimuona Papa anachuchumaa na brosi, anasugua ile miguu tu. Anasugua, anasugua, hapiti goti. Nikajiambia: huyu farasi ni mweupe muzima, sawa Madame mwenyewe, ila alikomaa na uchafu, na Papa yangu ameishatoa uchafu mupaka pale. Nilimuhurumia. Niliona kwa ile mwendo yake atafika kwenye tumbo siku miye nitaolewa. Na sikuuliza mutu. Ukimuuliza mutu muzima kwa nini hamalizi kazi yake, unamukosea heshima. Ile nilikuwa nimeishafundishwa.

Madame alikuwa mujane. Bwana yake alikufa akamuachia kahawa na farasi. Swahili yake ilikuwa na neno moja tu yenye kukamata vizuri: sasa ivi. Chai, sasa ivi. Kamiyo, lori ya kahawa, itoke, sasa ivi. Kambi yote tulimuita Madame Sasa Ivi, na miye njo nilikuwa na sauti yake kuliko batoto wote. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba yake, nafunga pua na vidole mbili, naita mupishi, na mupishi anatoka mbio na tabuliye yake, aproni ya jikoni, inamukamata kwenye magoti. Nilichapwa juu ya ile, lakini si sana, juu mwenye kunichapa alikuwa anacheka.

Kila mwaka, wakati mvua inakatika, bazungu wa plantation zote walikusanya farasi zao kwenye uwanja mukubwa pale Goma, kuzionyesha. Si mbio. Mwenye kufikiri ni mbio, hakufikaka. Farasi ilitembea tu, inazunguka, inasimama, na juje, mwamuzi, anaangalia manyoya, anaangalia meno, anainua kwato. Mutu wa farasi anashika kamba, amevaa kaputula yenye kupigwa pasi. Mwenye farasi anakaa chini ya hema anakunywa. Mwaka moja, Kaporali alisimamishwa wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, sababu ya ile miguu. Ilikuwa manjano, sawa meno ya muvuta tumbako. Sababu farasi analala juu ya majani yenye mukojo yake, mukojo inaingia ndani ya manyoya, kisha njiani vumbi ya volkano inakuja kukaa pale juu. Sabuni na brosi inaondosha vumbi. Manjano inabakia inakuangalia.

Kulikuwa mutu wa farasi wa plantation ya jirani, Leonari, mutu wa upande wa Bukavu, mwenye kujipenda, anaongea midomo mbele sawa mutu anayepuliza chai. Kila akipita kwetu alisalimia Papa vizuri, anauliza hali ya batoto, anauliza hali ya shamba, na mwisho, midomo mbele, anauliza kama Kaporali angali anavaa yale mabuti yake ya matope. Papa alijibu eeh. Kwa Papa, eeh ilikuwa jibu ya kila kitu.

Mwaka uliofuata, maonyesho ikikaribia, njo Madame alikuja mwenyewe mupaka mbele ya nyumba yetu, kitu hatukuonaka. Akasimama karibu na chungu ya sombe, majani ya muhogo, kofia mukononi, akamwambia Papa: "Miguu nyeupe, weye nabakia. Miguu chafu, ndugu ya Leonari nakuja. Nyumba pia ya yeye."

Hakuongeza sasa ivi. Pale njo tulijua ni kweli.

Nyumba yetu ilikuwa ya kazi. Kazi ikitoka, nyumba inatoka pamoja nayo. Mama alikuwa na mimba ya mudogo yangu, tumbo imeishashuka. Nyuma ya nyumba maharagi ilikuwa inaanza kukauka, bado wiki tatu tuivune. Tungekwenda wapi? Papa alienda akachukua brosi, na kuanzia siku ile alisugua asubui na magaribi, mupaka manyoya ikaanza kutoka na Kaporali akawa anainua muguu akimuona tu anakuja. Manjano ikabakia.

Sasa njo ile yenye ilikuwa inauma zaidi. Kwetu kwa nyumba kulikuwa mutu mwenye kujua kuondosha doa kuliko Goma muzima, na ni Mama. Njo yeye alikuwa anafua vitambaa vya altare na nguo za mapadri. Doa ya divai, doa ya mushumaa, kutu ya sindano, alizijua zote na majina yake. Bulu yake ilikaa ndani ya kopo, juu kabisa, mahali mukono yangu haifiki. Lakini Mama na Kaporali hawakuwa wanasalimiana. Farasi ile ilimulia kitambaa yake ya kichwa, ile ya siku ya ndoa, ilikuwa juu ya kamba inakauka. Aliitafuna yote na ncha ikabakia inaning'inia kwenye mudomo sawa ulimi. Mama aliapa hatamugusa mupaka kufa. Papa naye, banaume wa wakati ule munawajua, mumeolewa nao: kuuliza muke namna ya kufanya kazi yake, afadhali ahame. Basi nyumba moja, ugonjwa huku, dawa kule, kiburi katikati. Na miye chini yao, nawaangalia.

Siku moja kabla ya maonyesho, saa nane ya muchana, Papa alienda kukata majani. Mama alienda kupeleka vitambaa kwa mapadri. Kaporali amefungwa nyuma ya nyumba, kwenye ndizi. Nikapandisha kiti juu ya sanduku, nikapanda juu ya kiti, nikachukua kopo.

Nilikuwa nimeona Mama mara nyingi. Bulu kidogo inaingia ndani ya maji, na shati yenye kuzeeka inatoka nyeupe. Nikahesabu: kama bulu kidogo inafanya shati nyeupe, bulu yote itafanya farasi muzima mweupe. Hesabu ilikuwa nzuri. Ni bulu yenyewe haikuijua.

Nikaimwaga yote ndani ya besani, nikalowesha kitambaa, nikaanza muguu ya mbele. Nilifanya ine yote. Nikaona Papa haponyoki ile goti tangu nizaliwe, acha miye nimusaidie kupita. Nikapanda kwenye paja, nikapaka tumbo mupaka mahali mukono yangu ilifika. Kaporali alisimama tu, anatafuna jani ya ndizi, mara moja moja anageuza kichwa kuniangalia sawa mama mukubwa anayesukwa nywele. Nilipomaliza nikarudi nyuma nione. Miguu ilikuwa bulu. Si kidogo, ni ile bulu ya milango ya maduka. Nikajiambia ngoja ikauke, ikikauka itakuwa nyeupe. Nikakaa juu ya jiwe nikangoja. Ikakauka. Ikawa bulu zaidi. Nikaangalia mikono yangu, nayo bulu mupaka kwenye kiwiko.

Papa alifika na kifurushi ya majani juu ya kichwa. Kifurushi ikaanguka yenyewe. Alizunguka farasi polepole, mara moja, mara mbili, kisha akakaa juu ya yale majani. Mama akatokea kwenye njia ya kanisa, nikasikia kandambili zake zinasimama. Mutu hakunigusa. Njo ile iliniogopesha: nilijua fimbo, kukosa fimbo sikuijua. Maonyesho ilikuwa kesho, na ndugu ya Leonari ameishafunga sanduku yake, na miye njo nimemufungulia mulango.

Papa akauliza, na ile sauti ya maji isimwagike, kwa nini nimepaka mupaka tumbo. Nikamuambia yote. Kwamba nilijua amechoka. Kwamba nilijua farasi ni mweupe muzima na kazi imemushinda kwenye goti. Kwamba nilitaka kummalizia.

Papa aliinuka kwenye majani. "Mutoto yangu," akasema, "huyu Mungu mwenyewe alimuachia hapa." Na akaonyesha goti.

"Sasa juu ya nini hakumaliza?"

Mama akapasuka. Alicheka mupaka akashika tumbo yake na mikono mbili, akaegemea ukuta, nami nikaogopa atazaa palepale. Kicheko ikamupata Papa. Mutu yule nilikuwa sijamuona anacheka na sauti. Ilikuwa kicheko yenye kukwaruza, sawa mulango yenye haifunguliwaka. Na katikati ya kucheka, machozi kwenye ndevu, akasema neno yenye hakusemaka: "Mama Masika, nisaidie."

Masika ni miye. Mama akafunga kikwembe yake, ile kitenge ya kiuno, juu, akaniambia nilete ndimu kwenye lupango ya Madame, ndani ya bustani yake, nyingi, na nikionekana niseme ni za dawa.

Alizikata, akazipaka kwenye ile bulu, na bulu ikaanza kukimbia. Alikuwa anamusemesha farasi pale pale, na sauti ya mutu anayemusemesha shemeji mubaya: simama vizuri weye muvunja adabu, kitambaa yangu iko wapi, ulikula hata pindo. Kaporali alipiga masikio nyuma, akasimama. Kisha Mama akachukua sabuni yake ya majivu ya maganda ya ndizi, yenye anatengeneza mwenyewe, na hakutumia brosi hata. Alimuonyesha Papa: unapaka na viganja, unashuka na manyoya, polepole, sawa unaosha kichwa ya mutoto mwenye amezaliwa jana. Akaiacha povu juani, anasema rozari. Makumi mbili, si moja, si tatu. Njo kipimo yake ya sabuni. Maji ya kwanza ilitoka rangi ya chai. Ya pili, chai yenye kuchanganywa. Ya tatu, Papa aliinama akaangalia ndani ya besani mupaka nikaona uso yake kule chini, anaangalia manjano yake ya miaka yote inamwagika kwenye majani.

Bulu ya kumalizia haikukuwa tena. Kopo ilikuwa tupu, mukosaji munamujua. Mama akachukua ile kitambaa nilipakia nayo, akaikamua ndani ya maji safi. Kisha akachota maji na kiganja, akaniita. "Angalia. Unaona mistari ya mukono?" Nikasema naona. "Basi imetosha. Siku hauoni mistari, umeua nguo." Akamwaga juu ya miguu, moja moja. Akapasua kikwembe yake ya zamani, ya maua mekundu, vipande vine, akafunga kila muguu kutoka kwato mupaka goti, akakaza sawa anafunga mutoto mugongoni.

Na njo hivyo tulienda Goma asubui. Papa mbele na kamba, Kaporali katikati na kikwembe ya Mama kwenye miguu yote, miye nyuma na kopo ya maji na kitambaa safi. Mama alibakia, tumbo haikumuachia safari. Njia yote batu walikufa na kicheko. Bamama wenye kubeba mikaa waliweka chini mizigo kusudi wacheke vizuri. Kwenye mulango ya uwanja Leonari alikuwa amesimama na kaputula yake yenye kukata sawa kisu. Midomo mbele: "Papa Masika, leo umetuletea bibi arusi?"

Papa akajibu eeh.

Tulipofungua kikwembe, banaume wote wa farasi walisogea karibu. Miye niliangalia ile miguu, nikaona kama Mungu alimalizia pale, alijua kazi yake. Lakini furaha haikukaa. Farasi wa Leonari aliingia nyuma yetu, na miguu yake ilikuwa nyeupe pia, nyeupe kupita yetu, nyeupe sawa ukuta yenye kupakwa chokaa jana. Niliona nyumba yetu inahama. Niliona maharagi yetu ndani ya chungu ya ndugu ya Leonari.

Juje alikuwa muzungu mwembamba, anaongea ndani ya pua sawa mutu mwenye inzi imemuingia. Alipita, aliangalia meno, aliinua kwato. Alipofika kwa Leonari, akatoa leso nyeupe kwenye mufuko, akainama, akapangusa muguu ya farasi, kutoka juu kushuka chini. Vumbi nyeupe ikaruka sawa siku ya kutwanga. Akainua leso, akainusa. "Muhogo," akasema. Ilikuwa unga ya bugali. Hata bazungu kwenye hema walicheka. Midomo ya Leonari ikarudi nyuma, mara ya kwanza niliona meno yake.

Kisha akafika kwa Kaporali. Akakunja leso upande yenye kuwa safi, akapangusa. Akaangalia. Akapangusa muguu ya pili. Ya tatu. Ya ine, na nguvu, sawa mutu anayetaka kukamata mwizi. Leso ilibakia vile ilikuwa. Akaiingiza kwenye mufuko, akashika Papa kwenye bega, akamupeleka yeye na farasi yake mbele ya wote.

Madame alitoka chini ya hema mbio, kofia inamuanguka. Akamuuliza Papa amefanya nini, ni sabuni gani. Na banaume wote wa farasi walikuwa pale, wametega masikio, Leonari karibu kuliko wote. Papa angeweza kusema ni sabuni, Madame, na kazi ikabakia yake, na jina yake ikapanda mupaka Bunagana. Mwanaume wa wakati ule, mbele ya banaume wenzake, aseme nini ingine? Papa akageuka akaniangalia.

"Si miye, Madame," akasema. "Ni muke yangu. Na huyu."

Akaweka mukono juu ya kichwa yangu. Nilikuwa nimeficha mikono yangu mugongoni, sababu bulu ilikuwa ingali pale. Madame akanyoosha vidole, anangoja. Nikamupatia mikono. Akaigeuza, akaangalia viganja, vile juje aliangalia kwato, na kwenye kila mustari kulikuwa bulu. Nilifikiri sasa anatufukuza sote. Akaniachia. "Nyumba nabakia," akasema, akarudi kwenye kiti yake.

Papa hakunisifu. Hakujua kusifu. Alinipatia kamba tu. Miye, mutoto mwanamuke, nisiyefika hata kwenye kifua ya ile farasi, kamba nzito inanikata mukono, nikageuka nikaelekea mulango, na Kaporali akanifuata. Banaume walipisha. Nyuma yangu nilisikia Leonari anauliza, safari hii na sauti ya chini, midomo mahali pake, kama Mama Masika anaweza kumuonyesha ile kazi.

Na nikasikia Papa, kwa sauti yenye uwanja yote ilisikia: "Ukuje umuombe mwenyewe. Njo yeye fundi."